Tigerstedt, figo za sungura na kikohozi cha dawa ya presha

Robert Tigerstedt alizaliwa Helsinki, Finland, mwaka 1853, nchi hiyo ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Alisomea udaktari huko huko, kisha akahamia Sweden, na kuanzia 1886 alikuwa profesa katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm.

Hapo, yeye na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachuja maji yake na kuwadunga sungura wengine. Presha ikapanda. Maji ya sehemu ya nje ya figo yaliipandisha. Ya sehemu ya ndani hayakufanya kitu. Mwaka 1898 waliandika kwamba figo hutoa kitu kinachoingia kwenye damu, wakakiita renini.

Hakuna aliyejali sana. Tigerstedt mwenyewe hakuendelea nayo. Alirudi Helsinki kufundisha na kuandika vitabu, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918 alikagua kambi ya wafungwa ya Tammisaari, ambako watu walikuwa wakifa kwa njaa na magonjwa. Taarifa yake ilivuja magazetini. Kwangu hilo ni jambo kubwa kama renini. Alifariki 1923.

Miaka 11 baadaye, Mmarekani Harry Goldblatt alibana mishipa ya figo za mbwa, presha ikapanda, na watu wakaikumbuka renini. Ikaja kujulikana kwamba renini haipandishi presha moja kwa moja. Huanzisha kutengenezwa kwa homoni iitwayo anjiotensini, na kimeng'enya kinachoikamilisha kimejaa kwenye mishipa ya damu ya mapafu. Homoni hiyo hubana mishipa, na kwa wenye pumu inaweza pia kuchangia kubana njia za hewa. Watafiti wameikuta imepanda kwa baadhi ya wagonjwa walioshikwa na pumu kali.

Hapa ndipo habari ya Tigerstedt inapoingia nyumbani kwako. Dawa za presha zenye majina yanayoishia na "pril", kama captopril, enalapril na lisinopril, huzuia kimeng'enya hicho. Lakini kimeng'enya hicho hicho huvunja pia kemikali inayowasha koo, hivyo kikizuiwa, kemikali hubaki na baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa. Mama anakohoa usiku, watu wanasema ni pumu, ananunuliwa dawa ya kuvuta, hapati nafuu.

Ukiwa hivyo, nenda na pakiti ya dawa kwa daktari. Usiiache mwenyewe, presha itapanda. Daktari anaweza kukubadilishia, kwa mfano losartan, ambayo huzuia anjiotensini kwa njia nyingine na mara chache huleta kikohozi. Kikohozi kwa kawaida hukoma ndani ya wiki 4, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi 3. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, usingoje miadi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.