Sir Robert Macintosh: Mwalimu wa usingizi salama ambaye zana zake zingali zikiokoa maisha

SHINYANGA – Mgonjwa anapopewa dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji, misuli yake hulegea, na ulimi waweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Dakika chache bila oksijeni hutosha kuharibu ubongo. Kwa hiyo, awe ni mama mjamzito kutoka Kata ya Kambarage katika Manispaa ya Shinyanga, au mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita aliyevunjika taya, jukumu la kwanza la mtaalamu wa usingizi ni kuhakikisha njia hiyo iko wazi. Kifaa kinachotumika sana kwa kazi hiyo, chenye bapa lililopinda na taa ndogo, kina jina la mtu mmoja: Macintosh.

Robert Reynolds Macintosh alizaliwa Oktoba 17, 1897 katika mji wa Timaru, New Zealand. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa rubani katika jeshi la Uingereza. Mwaka 1917 ndege yake iliangushwa nchini Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, naye akajaribu kutoroka zaidi ya mara moja. Vita vilipokwisha alisomea udaktari katika Hospitali ya Guy's, London, na hatimaye akajikita katika fani ya usingizi.

Fani hiyo haikuwa na heshima wakati huo. Mambo yalibadilika pale Lord Nuffield, tajiri wa viwanda vya magari ambaye Macintosh alikuwa amemhudumia, alipotoa fedha nyingi kwa Chuo Kikuu cha Oxford na kusisitiza kuwa masomo ya usingizi yapewe nafasi ya uprofesa. Macintosh akashika nafasi hiyo mwaka 1937, akiwa profesa wa kwanza wa fani hiyo nchini Uingereza.

Mwaka huohuo alikwenda Hispania iliyokuwa vitani kusaidia upasuaji wa majeruhi wa uso, akalazimika kutumia zana duni kabisa. Hapo alitambua kuwa usalama wa mgonjwa haupaswi kutegemea mitungi ya gesi na mitambo ya gharama. Yeye na wenzake wa Oxford wakabuni vifaa vinavyogeuza dawa ya majimaji kuwa mvuke, ambao mgonjwa huuvuta pamoja na hewa ya kawaida. Kile cha miaka ya 1950, kiitwacho EMO na kilichotumia etha, kilienea katika hospitali za nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika Mashariki, kwa kuwa hakikuhitaji umeme.

Bapa lililopinda alilitangaza mwaka 1943. Mabapa yaliyonyooka ya awali yaliinua moja kwa moja kile kijinyama kinachofunika koo la hewa wakati wa kumeza, jambo lililohitaji usingizi mzito zaidi. La Macintosh hukaa mbele ya kijinyama hicho na kukiinua bila kukigusa kwa nyuma, hata nyuzi za sauti zikaonekana. Mwaka 1949 alieleza njia ya kuwasaidia wagonjwa ambao koo lao halionekani vizuri: ufito mwembamba unaopindika hutangulizwa, kisha mpira wa kupumulia huteremshwa juu yake. Njia hiyo ingali ikitumika kwa wagonjwa wenye uvimbe shingoni au taya zisizofunguka vya kutosha.

Mchango wake mwingine ulikuwa msimamo. Alishikilia kuwa vifo vingi vinavyotokea wakati wa usingizi vinaweza kuzuilika, na kwamba kila kimoja kichunguzwe kwa uwazi ili watoa huduma wajifunze, badala ya kusingizia udhaifu wa mgonjwa.

Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1955, akastaafu mwaka 1965, akaendelea kusafiri na kufundisha katika nchi nyingi. Alifariki dunia Agosti 28, 1989 akiwa na umri wa miaka 91.

Mafunzo yake yangali na uzito. Mtaalamu humkagua mgonjwa kinywa, meno na shingo kabla ya kumlaza, na huandaa njia ya pili endapo ya kwanza itashindikana. Mgonjwa naye ana wajibu: kutokula kwa muda alioelekezwa, na kueleza bila kuficha matatizo yoyote aliyowahi kuyapata alipopewa dawa ya usingizi.