Ernst Mach: Mwanafizikia aliyeinasa hewa kwenye picha

Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipomalizika mwaka wa 1871, pande zote mbili zilikuwa zikilaumiana kwa kutumia risasi zinazolipuka, kwani majeraha ya askari yalikuwa mapana kupita kiasi. Mwanasayansi wa Ubelgiji, Louis Melsens, alishuku hewa: kwamba risasi huibana mbele yake na kuingia nayo mwilini.

Ernst Mach, profesa wa fizikia mjini Prague, alilisikia dai hilo jijini Paris mwaka wa 1881, akataka kujionea.

Mzaliwa wa Moravia, Jamhuri ya Cheki ya leo, mnamo Februari 18, 1838, Mach alionekana mzito na walimu wake wa kwanza, na ujanani akafunzwa useremala. Majaribio yake ya awali ya kupiga picha hewa hiyo yaliambulia patupu. Risasi zake zilikuwa na kasi ndogo kuliko sauti, ambayo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde.

Mwaka wa 1886 mwenzake, Peter Salcher, alifaulu huko Fiume, sasa Rijeka nchini Croatia, kwa bunduki zenye kasi zaidi. Cheche ya umeme ilimulika risasi kufumba na kufumbua, na mbele yake likaonekana wimbi la mshtuko, mfano wa maji yanayopasuliwa na omo la mashua. Nyuma yake vizingia vya hewa vilipangana kama shanga. Hapakuwa na bonge la hewa lililobebwa na risasi, bali wimbi tu.

Watafiti waliofuata walichunguza wimbi hilo linapochomoka mdomoni mwa mtutu. Wimbi hupinda ukingoni na kutawanyika, lakini hewa inayolifuata kwa kasi hujiviringisha kwenye ukingo huo huo, ikawa pete inayozunguka kama pete ya moshi wa mvuta sigara. Wimbi hutangulia, pete hufuata taratibu.

Jicho hilo kali lilikuwa na kasoro yake: kwa miaka mingi Mach alikataa kuamini atomu, kwa kuwa hakuna aliyeziona.

Kiharusi kilimpata mwaka wa 1898, akastaafu mwaka wa 1901 na kufariki karibu na Munich Februari 19, 1916. Jina lake lilipewa kipimo cha kasi mwaka wa 1929 na Jakob Ackeret wa Uswisi. Ndege inayofikia kasi ya sauti husemekana iko Mach 1.