Thomas Watson, muchuuzi mwenye aliuzisha huduma mbele ya mashini

Mutu akienda kununua ordinatere ya kubeba, anauliza kwanza nguvu yake: iko mbio namna gani, batri inashika saa ngapi. Nani ataitengeneza siku itakufa? Ile ulizo inakuja kisha feza imelipwa. Thomas John Watson, mwenye alijenga kompanyi IBM, alitajirika juu alianza na ile ulizo ya pili.

Alizaliwa tarehe 17 Februari 1874 huko Campbell, katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa kijana, alizunguka na gari la farasi akiuzisha mashini za kushona na vinanda kwa wakulima. Mwaka wa 1896 akaingia NCR, kompanyi ya mashini za kuhesabia feza katika maduka. Huko alijifunza uchuuzi, na ubaya wake pia. Mwezi wa pili 1913, yeye na wakubwa wengine walihukumiwa juu ya kufinya washindani kinyume cha sheria. Kisha hukumu ilifutwa, lakini mukubwa wake alikuwa amekwisha kumufukuza kazi.

Mwaka wa 1914 alipewa kuongoza C-T-R, ile aliyokuja kuiita IBM mu 1924. Ilitengeneza mizani, saa za kuandikisha wafanyakazi, na mashini za Hollerith zenye kusoma karatasi za matundu. Kusema kweli, mashini ya mushindani wake James Powers ilikuwa mbele: iliandika hesabu yenyewe kwenye karatasi. Ya Hollerith ilionyesha namba tu, na karani alizinakili kwa mukono.

Watson aliweka wafundi watafute mashini ya kuandika, lakini hakukaa kuwangojea. Aliweka nguvu yote kwa muteja. IBM haikuuzisha mashini, iliikodisha kwa mwezi, na matengenezo yalikuwa ndani ya bei. Njo maana mashini ikisimama, hasara ilikuwa ya IBM pia, juu muteja angeweza kuirudisha. Huko Endicott alifungua masomo ya wachuuzi na ya wafundi, wajue kazi ya biro za wateja, hapana paka vyuma.

Huduma ile ilikuwa pia kamba. Muteja alilazimishwa kununua karatasi za IBM peke yake, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikakataza mu 1936. Na mwezi wa kwanza 1956, IBM ilikubali mbele ya mahakama kuuzisha mashini, na kuwapa wafundi wa inje piesi za kutengenezea. Doa lingine ni zito zaidi: mashini za tawi lake la Ujerumani zilitumikia serikali ya Hitler, na mu 1937 Watson alipokea nishani yake. Aliirudisha mu 1940. Ni kuchelewa.

Mu 1951 mambo yalijirudia. Remington Rand, wenye walikuwa wamenunua kompanyi ya Powers, walileta UNIVAC, na mu 1952 watu wa Marekani waliona kwenye televisheni namna ilitabiri ushindi wa Eisenhower. IBM ilikuwa nyuma. Lakini ilipoleta 650 mu 1954, ya bei ya chini na isiyokuwa na nguvu ya UNIVAC, ilitumika karibu elfu mbili. Bei ilisaidia, ndiyo. Tena wateja walikuwa na karatasi za matundu tayari, na walimujua fundi mwenye alikuja kwao siku mashini imekataa. Mimi naona hii ya mwisho ilipita zingine.

Watson alikufa tarehe 19 Juni 1956, wiki chache kisha kumuachia mutoto wake Thomas uongozi. Neno lake, Think, yaani fikiri, alilibandika kwenye kuta za biro zote. Mu 1992 IBM ililitia katika jina la ordinatere ya kubeba, ThinkPad, yenye tangu 2005 inatengenezwa na Lenovo ya China.