Zénobe Gramme, fundi wa mbao aliyetengeneza mashini ya umeme

Zénobe Gramme alizaliwa tarehe 4 Aprili 1826 mu Jehay-Bodegnée, kijiji cha upande wa Liège, kule Ubelgiji. Masomo hayakumwingia vizuri. Hata alipokuwa mutu mukubwa, barua zake zilijaa makosa ya kuandika. Lakini mukono wake ulijua mbao.

Kazi yake ilikuwa ile ngumu ya kuchonga mishikio ya ngazi za nyumba, ile mbao yenye kupinda pamoja na ngazi, mutu anaishika wakati anapanda. Wenye kutumika na mbao wanajua: hapo kipimo kikikosewa kidogo tu, mbao yote imeenda bure. Mangaribi, kisha kazi, alifuata masomo ya wafanyakazi mu Liège. Kisha akaenda Paris, na kule akaoa Hortense Nysten, mama mushonaji wa nguo.

Mwaka wa 1860 aliingia kwa kompani l'Alliance, yenye kutengeneza mashini za umeme kwa ajili ya taa kubwa za pwani, zile zenye kuonyesha meli njia usiku. Yeye alichonga mifano ya mbao tu. Lakini macho hayakulala. Mashini zile zilikuwa kubwa, nzito, na umeme wake ulitoka kwa kuruka-ruka. Gramme akatafuta namna ya kuutuliza.

Akachukua pete ya chuma, akaizungushia waya wa shaba, vifungu vingi vilivyounganishwa kimoja kwa kingine mpaka duara likafungana. Pete inazunguka kati ya sumaku. Kifungu kimoja kinapolegea, kingine kimekwisha kupokea kazi, na umeme unatoka kwa kufuatana sawa maji ya bomba. Muitaliano mumoja, Pacinotti, alikuwa amekwisha kutengeneza pete ya namna hiyo, lakini mashini yake haikuingia mu viwanda. Ya Gramme iliingia. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1869, na mwaka wa 1871 mashini yake ikaonyeshwa kwa Académie des sciences ya Paris. Mufaransa Hippolyte Fontaine akaungana naye kwa kufungua kompani.

Sasa tufike Vienna, mu maonyesho makubwa ya mwaka wa 1873, maana hapo njo penye jambo lenyewe. Fontaine alikuwa na mashini mbili za Gramme. Ya kwanza ilizungushwa na motere ya gazi, ikatoa umeme. Umeme ukapita mu waya wa zaidi ya kilometre 1, ukaingia mu mashini ya pili. Ile ya pili ikaanza kuzunguka yenyewe, ikavuta pompi ya maji! Kumbe mashini yenye kutoa umeme na mashini yenye kuula ni mashini moja. Na nguvu ya kazi inaweza kutumwa mbali kwa waya.

Jambo hilo liko mu nyumba zetu mpaka leo. Umeme hauchagui upande. Wakati wa delestaje, mutu anawasha grupu ya esanse, anaingiza waya mu prizi ya ukuta ili nyumba yote iwake. Umeme wake unatoka inje kwa njia ileile ulimoingilia kila siku, unafika mpaka kabine ya mtaa. Kabine inayopunguza nguvu kwa kuleta 220 nyumbani, ikipokea kwa upande wa nyuma, inaiongeza mpaka maelfu ya volti. Fundi aliyepanda poto, akijua kama umeme umekatwa, anakufa pale juu. Grupu lazima ipite kwa kifaa chenye kuchagua: umeme wa SNEL ao wa grupu, hapana yote mbili. Na kifaa hicho kinawekwa na fundi wa umeme, si na mutoto wa jirani mwenye kujua kidogo.

Waya wa Vienna ulikuwa mufupi. Ule wenye kutoka Inga mpaka Kolwezi unashika karibu kilometre 1700, na tangu mwaka wa 1982 unaleta huku umeme wenye kwenda upande mumoja tu bila kurudi-rudi, namna ileile ya pete ya Gramme. Na shaba yenye kuzungushwa mu mashini za dunia, wasomaji wetu wanajua inatoka wapi.

Gramme hakuvumbua jambo lingine kubwa sawa lile. Alipata heshima: Légion d'honneur mwaka wa 1877, prix Volta mwaka wa 1888. Alifiwa na Hortense, akaoa tena. Alikufa mu Bois-Colombes, karibu na Paris, tarehe 20 Januari 1901, akazikwa Père-Lachaise. Watu wa Liège walimusimamishia sanamu mwaka wa 1905, na shule moja ya mainjinia ya kule inaitwa kwa jina lake.