Ibn al-Haytham: Jicho linaona au akili ndiyo inayoona?

Mwaka mmoja nilikuwa darasani nafundisha historia ya ustaarabu wa Kiislamu. Kama ilivyo ada yetu walimu wa somo hili, nikayataja kwa mbwembwe majina ya wanazuoni: al-Khwarizmi, Ibn Sina, Ibn al-Haytham. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza huyo wa mwisho alifanya nini. Nikamjibu kuwa ndiye baba wa elimu ya mwanga. Akauliza tena, sawa, lakini alifanya nini? Ndugu msomaji, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kumsoma. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, yaani 965 Miladia. Habari zake zilimfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimiyya huko Misri, kwamba yuko mtu anayedai anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile. Akaitwa, akapewa mafundi, akaufuata mto hadi karibu na Aswan. Wasimulizi wanaeleza kuwa njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, akatambua kuwa watu wenye ustadi ule, kama jambo lingewezekana, wangekwishalifanya. Akarudi akakiri kushindwa. Kisha, kwa kuihofu hasira ya mtawala yule, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Kazi iliyolibakisha jina lake ni Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Kabla yake, wafuasi wa Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu, mfano wa kipofu anayepapasa kwa fimbo. Yeye akahoji: mbona ukilitazama jua macho yanauma? Kinachouma kimeingia kutoka nje. Tena hakuishia kwenye hoja. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, kila taa ikatoa doa lake ukutani. Akiifunika moja, doa lake tu hutoweka, mengine yanabaki pale pale. Maana yake mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na miali hupishana tunduni bila kuchanganyika.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Alisema jicho lenyewe hupokea mwanga na rangi tu. Umbali, ukubwa, na hata kumtambua ndugu yako katikati ya umati, ni hukumu ya akili inayolinganisha kilichoingia na kile inachokijua tayari, kwa kasi ambayo mwenyewe huitambui. Daladala ikiwa mbali inaonekana kama kiberiti, lakini hakuna anayesema ni kiberiti. Na hakimu anaweza kukosea. Sehemu nzima ya tatu ya kitabu ameitumia kueleza makosa ya kuona.

Akaeleza pia kwa nini mwezi unaonekana mkubwa ukiwa chini karibu na upeo wa macho. Kwa kuwa kati yetu nao kuna ardhi na vitu vingine, akili hudhani uko mbali zaidi, hivyo ikaukuza. Mwezi wenyewe haujaongezeka. Hapa nilijiinamia. Nimekaa barazani mara nyingi baada ya Idi, watu wazima tukibishana kuwa mwezi ule ulikuwa wa siku ya pili kwa sababu tu tuliuona mkubwa, na sauti yangu haikuwa ndogo.

Naye alikosea. Alidhani lenzi ya jicho ndiyo inayohisi mwanga. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapwa Basel, Uswisi, mwaka 1572. Johannes Kepler, aliyejenga juu ya kazi hiyo, akaonesha mwaka 1604 kuwa picha hutua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Leo inafahamika kuwa kutoka hapo mshipa wa fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na nyingi huchambuliwa upande wa kisogoni.

Baada ya kifungo aliishi jirani na msikiti wa al-Azhar, akipata riziki kwa kunakili vitabu, vikiwemo vya Euclid na Ptolemy, wale wale aliowapinga, hadi alipofariki Cairo mnamo mwaka 430 Hijria.

Mwanafunzi wangu alikwishamaliza shule nilipopata jibu lake. Darasa lililofuata nilikwenda na mishumaa mitatu na boksi lenye tundu.