Joe Louis na Mjerumani Wake

Joe Louis alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1914, kisha familia ikahamia Detroit. Kazi zilipokosekana walikula kwa msaada wa serikali. Kijana alipoanza kupata pesa za ndondi, aliurudisha ule msaada. Nani hurudisha, jamani?

Mwaka 1936 Mjerumani Max Schmeling alimwangusha raundi ya 12. Mwaka uliofuata Louis akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, lakini moyo ulikuwa bado kwa yule Mjerumani. Wakarudiana New York Juni 1938, na safari hii Schmeling alimalizwa raundi ya kwanza tu, dakika mbili na sekunde chache.

Ubingwa Louis alikaa nao karibu miaka 12, akautetea mara 25. Mwaka 1942, wakati wa vita, alipigana mara mbili akatoa malipo yake kwa mifuko ya kusaidia familia za wanajeshi, na mwenyewe akaingia jeshini mwaka huohuo. Baadaye watu wa kodi wakamwandama kwa deni ambalo riba ilizidi kulivimbisha. Ndiyo maana alirudi ulingoni akiwa amechoka. Akiwa na miaka 37, Rocky Marciano alimwangusha raundi ya 8. Akaishia Las Vegas, kusalimia wageni kwenye kasino.

Schmeling, ambaye sasa alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, alimtafuta, wakawa marafiki, akawa anamsaidia pesa. Louis alipofariki 1981, gharama za mazishi Schmeling alichangia.