Aliyeruka Voi Asifike Nairobi

Sisi watu wa pwani Voi twaijua kwa kupita. Basi husimama, watu wakanywa chai, safari ikaendelea. Kumbe hapo ndipo ulipokatika umri wa Denys Finch Hatton, Mwingereza ambaye vitabu, na hata sinema ya mwaka 1985, vimemtangaza dunia nzima.

Alizaliwa London mwaka 1887 katika ukoo wa mabwana wakubwa, akasoma Eton na Oxford, na mwaka 1911 akaja Kenya. Siku hizo safari ya kutoka Uingereza hadi Mombasa ilikuwa ya majuma kadhaa baharini. Vita vya 1914 vilimkuta huku naye akapigana. Baadaye akawa kiongozi wa wawindaji, na mwaka 1928 alimtembeza porini mrithi wa ufalme wa Uingereza. Lakini linalonivuta mimi ni kwamba alikuwa na nyumba Takaungu, mji ule wa Mazrui, ufuoni kabisa.

Mwaka 1930 alijipatia ndege yake, Gipsy Moth, ya watu wawili, isiyo na paa. Nayo, ajabu, ililetwa Mombasa kwa meli! Mwendo wake ulikuwa kiasi cha maili 85 kwa saa. Kutoka Voi hadi Nairobi, ukinyosha angani, ni kama maili 190; basi saa mbili na robo zilimtosha, hali gari moshi lilichukua usiku kucha. Mwaka 1931, mwezi Februari, ndege za barua zilianza kutoka London kuja hadi Kisumu na Mwanza, safari ya siku nyingi za kutua na kuruka. Leo London na Nairobi hazipitani saa tisa.

Finch Hatton alitaka kuwatafuta tembo wa Voi kutoka juu. Mwezi Mei 1931 aliruka kwanza hadi pwani, na alipotua, jiwe la matumbawe likavunja rafadha. Ikabidi aletewe nyingine. Beryl Markham, aliyekuwa akijifunza urubani, alialikwa safari hiyo. Mwalimu wake, Tom Campbell Black, akamsihi asiende. Mwenyewe ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1942.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei Finch Hatton aliondoka Voi kurudi Nairobi, na mtumishi wake, Kamau, nyuma yake. Ndege ilipaa, ikazunguka, kisha ikaanguka karibu na kiwanja na kuwaka moto. Wote wawili wakafa. Finch Hatton alikuwa na miaka 44. Safari ile ya saa mbili na robo aliimaliza kwa gari moshi, akiwa maiti, akazikwa kwenye vilima vya Ngong, na nduguye akamjengea mnara.

Nami nimevisoma vitabu vyake si haba. Wazazi wake wamo, shule zake zimo, mpaka vyakula alivyopenda. Kwetu mtu hata afe fukara hutajwa fulani bin fulani. Katika kurasa zote hizo mwenzake wa safari ni Kamau tu, na baba yake hatajwi.